Betri ya AGM: Uimara Wake, Bei Yake na Joto la Pwani

Mwenye gari aendaye kununua betri siku hizi, iwe katika maduka ya Gerezani mjini Dar es Salaam au yale ya Kirinyaga Road mjini Nairobi, aghalabu huwekewa mbele yake betri mbili za umbo moja na ukubwa mmoja, moja ya kawaida na nyingine imepigwa chapa ubavuni ya herufi tatu, AGM, na bei ya hiyo ya pili hukaribia kuwa maradufu ya bei ya ile ya kwanza. Muuzaji humweleza kwamba hiyo ya ghali haitiwi maji, haimwagiki, haiozeshi vichwa vyake kwa ule unga mweupe tuujuao sote, na kwamba itaishi miaka mingi kuliko mwenziwe. Naye mnunuzi, ambaye hana kipimo cha kupimia miaka ijayo, husimama baina ya hofu ya kupoteza fedha na hofu ya kukwama njiani usiku. Maneno yale ya muuzaji si ya uongo. Yote yana ukweli ndani yake, ila ni ukweli wenye masharti, na masharti hayo ndiyo yasiyotajwa dukani. Rai yangu, ambayo nitaitolea hoja hapa chini, ni kwamba betri ya AGM iliundwa kustahimili kutumiwa na kujazwa mara nyingi, na kustahimili mitikisiko, wala haikuundwa kustahimili kuokwa. Na kwa hiyo katika nchi zetu za joto thamani yake hutegemea zaidi mahali ilipofungwa na kazi iliyopewa kuliko jina lililoandikwa ubavuni.

Asili ya betri zote hizi ni moja. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alizamisha mabamba mawili ya risasi katika tindikali ya salfuri akaona kuwa yaweza kutiwa umeme, yakautoa, kisha yakatiwa tena. Na mwaka 1881 Mfaransa mwenziwe, Camille Faure, akayapaka mabamba rojo ya oksidi ya risasi, yakapata kubeba umeme mwingi zaidi. Tangu hapo hata leo kanuni yenyewe haikubadilika: bamba moja ni la oksidi ya risasi, la pili ni la risasi tupu yenye vinyweleo, na baina yao mna tindikali iliyochanganywa na maji. Betri itoapo umeme, mabamba yote mawili hugeuka taratibu kuwa salfeti ya risasi, na tindikali huzidi kupoteza ukali wake. Ichajiwapo, mambo hurejea kama yalivyokuwa. Kila chumba hutoa volti mbili na ushei, na vyumba sita vilivyofungamanishwa ndivyo vituleteavyo ile tuiitayo betri ya volti 12, ijapokuwa ikijaa hasa hufika 12.6.

Betri hii ya maji, pamoja na sifa zake za kudumu zaidi ya karne moja na nusu, ina taksiri kadha wa kadha ambazo mafundi wamezizoea hata wakaona ndiyo maumbile. Inapokaribia kujaa, umeme wa ziada huyapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni, hewa hizo zikatoka kwa vitundu vya mifuniko, na maji yakapungua mpaka mtu ayaongeze. Gari likipinduka au likiinama mno, tindikali humwagika. Barabara mbovu huyatikisa mabamba hata ile rojo ikabanduka na kutuama chini, na siku moja tope hilo likagusa mabamba mawili kwa pamoja na chumba kikafa. Fauka ya hayo, betri isiyojazwa barabara huacha tindikali iliyo nzito izame chini na maji mepesi yabaki juu, na mabamba yakaliwa sehemu ya chini ilhali sehemu ya juu haifanyi kazi.

Katika miaka ya mwanzo ya 1970 wahandisi wa kampuni ya Gates Rubber ya Denver, Marekani, walileta shauri jingine. Badala ya kuyaacha mabamba yaogelee, waliweka baina yao pamba nyembamba iliyotengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizo ndogo kupita kiasi, wakaitia tindikali kwa kadiri ya kuiloweka bila ya kuijaza pomoni, wakavikandamiza vyote pamoja ndani ya sanduku lililozibwa na kuwekewa vali ndogo ya usalama. Hiyo ndiyo AGM, kifupi cha maneno ya Kiingereza "absorbent glass mat", yaani pamba ya kioo inyonyayo. Siri imo katika ile nafasi kidogo iliyoachwa tupu ndani ya pamba. Oksijeni izaliwayo kwenye bamba moja hupenya katika nafasi hizo ikalifikia bamba la pili, na huko ikaungana tena na kuwa maji. Hivyo karibu maji yote hurudi yalikotoka, na vali haifunguki ila mkandamizo wa hewa unapozidi kipimo. Ndiyo maana betri hiyo haihitaji kutiwa maji, na ndiyo maana, jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti, haiwezekani kutiwa maji hata pale yanapopungua. Hapo mwanzo betri za namna hii zilitumiwa katika ndege na katika mitambo ya kuhifadhi umeme wa simu na wa kompyuta, na gari la watu wote lililozipokea mapema ni Mazda MX-5 ya mwaka 1989, ambayo betri yake ndogo ya AGM iliwekwa nyuma katika buti. Nataka msomaji aliweke moyoni neno hilo la buti, kwa kuwa tutalirudia.

Basi uimara wa betri hii ni wa namna gani? Kwanza ni uimara wa mwili. Mabamba yaliyobanwa kwa pamba pande zote hayana pa kutikisika, wala rojo yake haina pa kubandukia, na kwa gari linaloishi katika njia za vumbi na makorongo faida hiyo si ya kudharauliwa. Pili, tindikali iliyonywewa na pamba haizami chini, na kwa hiyo ule ugonjwa wa mabamba kuliwa upande mmoja hauipati. Tatu, na hili ndilo lililowavuta watengenezaji wa magari, yaweza kutolewa umeme mwingi na kujazwa tena kwa mara ambazo betri ya maji ya kawaida haiziwezi. Aghalabu husemwa kuwa ni mara mbili hadi tatu zaidi kwa kadiri ile ile ya kutumika, na uzoefu wa magari yanayojizima kwenye taa na kuwaka tena haupingi hesabu hiyo. Hupokea umeme upesi, hutoa kwa nguvu, na ikiachwa bila kutumiwa hupoteza kidogo kuliko ya maji. Mtu akinunua betri kwa sababu ya sifa hizi tatu, na gari lake kweli lina haja nazo, hakudanganyika.

Lakini adui mkubwa wa betri katika nchi hizi hakuwa kamwe kule kutumiwa na kujazwa. Adui ni joto. Kanuni waitumiayo wataalamu wa kemia husema kwamba kila joto linapopanda nyuzi 8 hadi 10 juu ya nyuzi 25, umri wa betri ya risasi hupungua nusu. Na kwa mujibu wa kanuni hiyo betri ambayo ingeishi miaka 8 mahali penye nyuzi 25 haingetazamiwa kupita 4 kwa nyuzi 35, na 2 kwa nyuzi 45. Sasa mtu na afungue boneti ya gari lililokuwa katika foleni ya Ubungo au ya Changamwe saa nane mchana, feni ya rejeta ikipuliza hewa ya moto upande wa betri, apeleke mkono wake karibu. Huko ndani joto hupita nyuzi 60 bila taabu, na betri, ambayo hupata joto polepole na kupoa polepole, hubaki na uvuguvugu huo saa nyingi baada ya gari kuegeshwa. Kinacholiwa na joto ni ile mifupa ya risasi iliyomo katika mabamba, nayo huliwa sawasawa iwe betri ni ya maji au ya pamba. Tofauti ni hii: betri ya maji ikikaukiwa, mwenyewe hununua chupa ya maji ya betri kwa fedha kidogo akayarudisha, betri ya AGM ikipoteza maji yake kwa vali, imepoteza moja kwa moja, pamba hukauka, nafasi za oksijeni huongezeka, umeme wa kuchaji nao huzidi kugeuka joto, na mzunguko huo ukishika kasi, sanduku huvimba ubavuni hata likashindikana kutolewa katika kitako chake.

Inafaa hapa nitaje jambo moja la kuchekesha kidogo. Ile namba kubwa inayopigiwa debe katika kila betri, ya ampea za kuwashia gari katika baridi, hupimwa betri ikiwa katika nyuzi 18 chini ya sifuri. Mkazi wa Tanga au wa Lamu hulipia namba hiyo kwa bidii, na betri yake haitaonja hali hiyo hata siku moja tangu kuzaliwa mpaka kuyeyushwa. Namba ambayo ingemfaa, yaani idadi ya miaka ambayo betri itahimili nyuzi 45, haiandikwi popote.

Watengenezaji wa magari ya Ulaya walilijua hilo la joto tangu mwanzo, na ndiyo sababu katika magari mengi ya BMW na ya Mercedes-Benz betri ya AGM haikai pamoja na injini. Imefungwa ndani ya buti, au chini ya kiti, au katika chumba chake chenye ukuta wa kuikinga. Watu wetu huona huko ni kujitia makuu tu na kumtaabisha fundi. Kumbe mahali hapo ndipo penye nusu ya umri wa betri. Mtu aichukuaye betri ile ile kwa bei ile ile akaifunga katika gari la miaka ya 1990, pembeni mwa injini ya dizeli, amenunua uimara na kuuacha dukani.

Sharti la pili ni la kuchajiwa, na hapa pana makosa pande zote mbili. Betri ya AGM ili ijae hutaka volti baina ya 14.4 na 14.8, ikipewa chini ya hapo siku zote haijai, na salfeti iliyobaki katika mabamba hugeuka kuwa ngumu isiyorudi tena, ikipewa zaidi ya 15 huchemka ndani na kutoa hewa kwa vali. Magari mengi ya zamani altaneta zake, injini ikishapata moto, hutoa 13.8 au 14 na nukta kidogo, kiasi ambacho betri ya maji huridhika nacho. Safari zikiwa fupi, foleni ikiwa ndefu, kiyoyozi na taa na redio vikifanya kazi pamoja ilhali injini inanguruma kivivu, betri hurudi nyumbani kila jioni na upungufu kidogo kuliko wa jana. Betri ya pamba huvumilia hali hiyo kuliko ya maji, lakini kuvumilia si kupona, na mwishowe hufa mapema na mwenyewe akalaumu kiwanda.

Kosa la upande wa pili hufanyika kwa fundi. Chaja nyingi za vibandani ni transifoma na daraja la daiodi tu, hazina kidhibiti, na betri kadhaa hupangwa katika mlolongo mmoja zikalala usiku kucha zikichemka. Betri ya maji huamka asubuhi imepungukiwa na maji, huongezwa, ikaenda zake. AGM iliyolala hapo usiku mmoja huenda imekatwa mwaka. Kinyume chake, chaja mpya za kisasa zenye kompyuta hukataa kabisa kuchaji betri iliyoshuka mno, kwa kuwa haziioni kuwa ni betri, na watu wengi wametupa betri ambazo zingalikuwa na uhai. Fundi ajuaye kazi yake huiunganisha hiyo iliyokufa sambamba na betri nzima, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, chaja ikaisoma ile nzima na kuanza kazi, na baada ya saa moja hivi iliyokufa hupanda kiasi cha kuachwa peke yake. Naye hukaa karibu akiigusagusa kwa mkono, maana ikipata moto huitoa mara moja. Jambo hili lina manufaa ya pekee kwetu, kwa sababu magari yaliyotumika yatokayo Japani hukaa yadini, kisha melini, kisha bandarini, wiki kadhaa bila kuwashwa, na wengi hulipokea gari pamoja na betri iliyokauka umeme.

Tukija sasa kwenye magari yenyewe, halitokuwa jambo la insafu kuyahukumu yote kwa hukumu moja. Nitaanza na yale ambayo kwayo sina shaka, nayo ni magari ya haibridi, Prius na Aqua na ndugu zao, ambayo yamejaa katika miji yetu kuliko ilivyotazamiwa. Wenye magari haya wengi hudhani kuwa betri ni moja, ile kubwa. Kumbe iko na ndogo ya volti 12, ambayo katika Prius hukaa nyuma ndani ya buti upande wa kulia, na katika Aqua chini ya kiti cha nyuma. Betri hii haizungushi injini hata kidogo, kwa kuwa kazi hiyo hufanywa na ile kubwa; kazi yake ni kuamsha kompyuta na kufunga swichi kuu. Ikidhoofika, gari huwasha taa za dashibodi kwa namna ya kichaa, au hukataa kabisa kuwa tayari kwenda, na mwenyewe akaambiwa na fundi asiye na haya kwamba betri kubwa imekufa na yahitaji mamilioni. Kwa hiyo mwenye haibridi, kabla ya kusikiliza hesabu yoyote, na aipime kwanza hiyo ndogo.

Betri hiyo ya kiwandani ni ya kuzibwa, yenye alama kama S34B20R au S46B24R, ambapo herufi S ya mwanzo ndiyo inayoonyesha kuwa imezibwa, namba ya mwisho ni urefu wake kwa sentimeta, na R huonyesha mpangilio wa vichwa vyake. Ina mpira mwembamba unaotoka ubavuni na kupeleka nje ya gari hewa yoyote itakayopita kwenye vali, kwa sababu inakaa ndani pamoja na abiria. Sasa sikiliza mazungumzo ya kila siku katika vibanda vyetu.

"Mzee wangu, hiyo ya kuzibwa ni ghali bure. Chukua hii ya mifuniko, ukubwa ni uleule, ampea zimezidi."

"Na huu mpira wa hewa utauchomeka wapi, kijana wangu?"

"Huo si wa lazima, mzee. Wengi huukata tu, na magari yanatembea."

Magari yanatembea, ni kweli. Lakini betri ya mifuniko hutoa haidrojeni pamoja na mvuke wa tindikali ndani ya gari lililofungwa vioo kwa sababu ya kiyoyozi, na miezi michache baadaye chuma cha chini ya zulia huanza kupata kutu, na nyaya za jirani zikavaa ukijani. Hapa AGM haina mbadala, na bei yake, iwe kubwa vipi, ni bei ya kitu kilichokusudiwa mahali hapo. Tena mahali penyewe pana kivuli, mbali na injini, na umeme wake huletwa na kifaa kinachoupima vizuri. Masharti yote niliyoyataja yametimia, na betri hizi huishi miaka mingi.

Magari ya Kijapani yanayojizima kwenye taa ni habari nyingine, na hapa wauzaji wengi wamepotoka pasi na nia mbaya. Kwa kuwa yamesikika kuwa yanahitaji betri maalumu, huuziwa AGM. Na lau mtu angeisoma alama iliyo juu ya betri iliyokuja na gari, angekuta M-42, au N-55, au Q-85 kama ilivyo katika Mazda Demio na Axela za petroli, ambazo aghalabu ni betri za maji zilizoimarishwa, zenye mabamba mazito na kitambaa cha kuishika rojo, wala si za pamba ya kioo. Betri hizo hukaa karibu na injini na zilichaguliwa kwa sababu hiyo. Kuzibadilisha kwa AGM ni kulipa zaidi ili upate kitu kinachochukia mahali hapo. Na kuzibadilisha kwa betri ya kawaida kabisa ni kuiua hiyo ya kawaida kwa miezi michache, isipokuwa dereva awe na mazoea ya kubonyeza kile kitufe cha kuzuia injini isijizime kila awashapo gari, kama wafanyavyo wengi kwa ajili ya kiyoyozi.

Kwa magari ya Kijerumani yenye kipimo kidogo kwenye kichwa hasi cha betri, AGM ikiwa ndiyo iliyotoka nayo kiwandani, irudishwe AGM, na kompyuta ya gari iarifiwe kwamba betri ni mpya. La sivyo gari litaendelea kuichaji kama kikongwe, na umri wake utafupishwa na uangalizi wenyewe. Magari hayo makusudi huiacha betri isijae kabisa ili pabaki nafasi ya kupokea umeme wa kufunga breki, na betri ya maji ya kawaida haiyawezi maisha hayo.

Matatu na daladala zina hoja yao. Gari linalosimama kituoni injini imezimwa na muziki ungali unapigwa, na taa za rangi zikizunguka dari, linaitumia betri kwa namna ambayo AGM iliundiwa. Na mabasi yale makubwa kidogo ya volti 24 huweka betri zake mbili katika kisanduku ubavuni mwa chasisi, penye upepo, mbali na injini. Pale naona fedha inarudi, mradi zote mbili zibadilishwe kwa pamoja, kwa kuwa betri kuukuu iliyofungwa mfululizo na mpya huishusha mpya mpaka hali yake.

Bodaboda wengi tayari wanatumia AGM bila kujua. Zile betri ndogo zilizozibwa, zenye alama za YTX, ni za pamba ya kioo. Huja kavu pamoja na kichupa cha tindikali chenye vidomo sita, ambacho hupinduliwa juu yake, huachwa ishuke yote kwa utulivu, kisha kifuniko kirefu hushindiliwa na hakifunguliwi tena. Fundi mwenye haraka hukitoa kichupa kabla hakijaisha, au humimina tindikali ya betri za magari ambayo ukali wake ni pungufu, na pikipiki ikaanza safari na betri iliyozaliwa njiti.

Limebaki gari la kawaida kabisa, ambalo ndilo la wengi wetu: gari la petroli la miaka kumi na mitano, betri mbele kando ya injini, altaneta ya kawaida, kwenda kazini na kurudi. Tuifanye hesabu kwa uwazi. Tuseme betri nzuri ya maji ni 100 na AGM ya ukubwa ule ni 190. Ikiwa ya maji katika joto la pwani huishi miaka miwili na nusu, AGM yapasa kukaribia miaka mitano ili zilingane, kabla hatujaitafutia faida. Na kwa kuwa kinachoua hapo ni joto, ambalo haliijali pamba wala maji, kuitazamia miaka mitano ni kutazamia mengi. Mimi kwa gari la namna hiyo ningenunua ya maji iliyo mpya kweli, ningeitazama maji kila mwezi, na ningehakikisha kile kibati au mfuko wa kukinga joto uliokuja na gari umerudishwa mahali pake, maana mafundi huutupa kwa kuona unawakwamisha. Wa bara walio Njombe au Nyahururu, ambako hewa ni baridi, wana hesabu tofauti, na huko AGM yaweza kutimiza ahadi yake hata mbele ya injini.

Pana hali moja inayoibadili hesabu hii, nayo ni kifaa cha kufuatilia gari, ambacho wakopeshaji wengi hukifunga, pamoja na kengele ya wizi na kamera ya dashibodi. Vikila kwa jumla ampea 0.05 tu, hiyo ni ampea-saa 1.2 kwa siku, na betri ya ampea-saa 45 inafika nusu kwa siku kumi na tisa hivi. Gari ambalo mara kwa mara hukaa wiki tatu bila kuwashwa litaiua betri ya maji ya kuwashia upesi sana, na AGM itahimili mara nyingi zaidi. Dawa iliyo rahisi kuliko zote ni kuchomoa kichwa hasi, lakini mkopeshaji hatalipenda hilo.

Yeyote anunuaye AGM, kwa sababu yoyote ile, na aje dukani na mita. Betri mpya iliyotulia isiyo na volti 12.8 au karibu yake imekaa rafuni muda mrefu. Iliyo chini ya 12.4 na airudishe bila mjadala, hata akipewa punguzo. Na aitafute herufi zenyewe mwilini mwa betri, si katika maneno ya muuzaji, kwa sababu betri yoyote isiyo na mifuniko siku hizi huuzwa kama kavu, na nyingi kati ya hizo ni za maji tu zilizofunikwa kwa plastiki, ambazo ukizitikisa huisikia tindikali ikicheza. Na asikubali ile iliyotolewa katika mitambo ya kuhifadhi umeme wa kompyuta au wa minara ya simu. Ni AGM ya kweli, ila mabamba yake yalifanywa manene kwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa muda mrefu, na huzungusha stata kwa unyonge.

Mwisho kuna swali la betri iliyokufa, ambalo wachambuzi wa bei huliruka. Katika kila betri ya gari mna risasi kilo nane hadi kumi au zaidi, na risasi hiyo huyeyushwa na kutumika tena, jambo jema likifanywa kwa hadhari. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua lifanyikapo bila hadhari: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kando ya nyumba zao tangu 2007 hadi 2014, watoto wakakutwa na risasi damuni, na Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe aliathirika, akaongoza madai yaliyompatia Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu. Betri inayodumu mara mbili hupunguza nusu ya mizigo iendayo kwenye tanuru kama zile, na kwa mwenye haibridi au basi hoja hiyo ni ya kweli. Kwa yule aliyeifunga AGM yake kando ya injini ikafa sawasawa na ya maji, haimo. Na mnunuzi wa chuma chakavu, ambaye hupima kwa kilo, atamlipa bei ile ile amlipayo jirani yake aliyenunua betri ya nusu bei.